Kaburi la Nyali: Rosine Krapf na Mwanzo wa Taaluma ya Kiswahili

Katika vitabu vingi vya utangulizi wa isimu ya Kiswahili, historia ya uchunguzi wa lugha hii kwa njia za Kizungu huanzia kwenye tarehe mbili. Ya kwanza ni 1850, mwaka ambao sarufi fupi ya Johann Ludwig Krapf ilipigwa chapa mjini Tübingen. Ya pili ni 1882, mwaka wa kuchapishwa kwa kamusi yake mjini London, miezi michache tu baada ya mwandishi wake kufariki. Makala haya yanapendekeza kwamba ipo tarehe nyingine inayostahili kusomwa pamoja na hizo, ingawa haimo katika jalada la kitabu chochote. Tarehe hiyo ni Julai 1844, na ushahidi wake umo ardhini, upande wa bara wa Mombasa, mahali paitwapo Nyali: kaburi la Rosine Krapf na binti yake mchanga.

Habari zenyewe si ndefu. Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, alikuwa amefanya kazi Uhabeshi chini ya Church Missionary Society hadi njia ya kurudi Shoa ilipofungwa kwake mwaka 1842. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich mjini Alexandria. Walipojaribu kurejea Uhabeshi kupitia pwani ya Bahari ya Shamu, Rosine alijifungua njiani, katika nchi ya Wasaho, na mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi, wakamzika huko huko. Hilo lilikuwa kaburi la kwanza la familia hii. Mwanaisimu atatambua kwamba baba, hata katika saa ile, alitafuta jina katika lugha ya nchi aliyokuwamo.

Mwanzoni mwa 1844 walifika Unguja, wakapokewa na Seyyid Said, kisha Krapf akachagua Mombasa iwe makao yao. Tusisahau kwamba hakuja kwa ajili ya Kiswahili. Shabaha yake ilikuwa kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini, na Kiswahili kilikuwa njia tu ya kumfikisha huko. Hata hivyo, mwezi Juni alikwisha anza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi mwenye asili ya Barawa aliyehesabiwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa mji. Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai. Tarehe 13 akafariki, naye mtoto hakukawia kumfuata mama. Mume mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Mahali alipochagua kuwazika panahitaji kuangaliwa kwa makini. Hakuwazika kisiwani. Aliwavusha maji hadi bara, kando ya njia iliyotumiwa na Waswahili na Wamijikenda, na ameeleza mwenyewe katika maandishi yake kwamba alitaka wapitao wakumbuke sababu iliyowaleta wageni hao. Basi kaburi liliwekwa ili lisomwe. Na hapa ndipo mgeni huyo, pengine bila ya kukusudia, alipoingia katika desturi kongwe ya pwani. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Kaole, Mnarani na Gedi hayakujengwa kwa ajili ya maiti peke yake. Yalijengwa yaonekane, yataje nasaba na heshima ya waliobaki hai. Kaburi mojawapo la Gedi lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 Miladia, nayo ndiyo nguzo ya wanahistoria katika kuukadiria umri wa mji mzima. Pwani kaburi ni hati, na huenda likadumu kuliko karatasi.

Kuna neno linalofaa kuzingatiwa hapa. Leo tukisema walowezi, msikilizaji hufikiria mashamba makubwa ya wakoloni na ardhi iliyonyang'anywa. Lakini kitenzi lowea hakikuanza na mzigo huo: ni kuhamia mahali pa ugenini na kufanya makazi hapo. Krapf alilowea lini? Kituo cha Rabai Mpya kilianzishwa Agosti 1846, baada ya Johannes Rebmann kuwasili. Kabla ya hapo, kipande cha kwanza cha ardhi ya bara kilichobeba jina la familia yake kilikuwa cha kaburi. Alikuwa na mavani kabla ya kuwa na nyumba bara.

Hata hivyo tusikuze mambo. Si kweli kwamba msiba huo ndio uliomfanya Krapf awe mwanaisimu, kwani tafsiri ilikuwa imekwisha anza, na uamuzi wa kukaa Mombasa ulitangulia. Isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa mwepesi wa kuligeuza kaburi kuwa hoja. Aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo la upweke lilikuwa dalili kuwa kazi ya Afrika ya Mashariki imeanza, na barua hiyo ikanukuliwa mara nyingi katika maandishi ya misheni. Nakiri kwamba kila niisomapo barua hiyo hunitia wasiwasi. Rosine anageuka ishara upesi mno. Mke aliyekufa kwa homa baada ya uzazi anapotea nyuma ya maana aliyopewa.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni kwamba kaburi linatukumbusha kazi ile ilifanyika wapi na ilifanyika na nani. Wapi: Mombasa na Rabai, si Unguja. Kamusi ya 1882 ni hazina ya Kimvita na lahaja jirani kabla ya usanifishaji. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, alijenga juu ya Kiunguja, na ndicho kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Harry Kerr Binns alijaribu kuihuisha kazi ya Krapf kwa toleo lililorekebishwa la 1925, lakini upepo ulikuwa umekwisha geuka. Mtafiti wa lahaja anayelalamika kwamba Kimvita hakikuandikwa mapema aifungue kwanza kamusi hiyo.

Na nani? Hapa ndipo desturi yetu ya kutaja majina ya majalada peke yake inapotupotosha. Sura za mwanzo za kitabu cha Mwanzo zilitoka mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society kwa jina la Krapf; elimu ya Sheikh Ali, iliyokuwa ndani ya sentensi zile, haikuonekana. Miswada ya tenzi ambayo Krapf aliipeleka kwa chama cha wanazuoni wa taaluma za Mashariki kule Halle mwaka 1854, ukiwemo Utenzi wa Tambuka, ilikuwa matunda ya washairi na wanakili wa pwani. Rebmann naye alikusanya kamusi yake ya Kinyasa kutoka kinywani mwa Salimini, mtu aliyekuwa mtumwa Mombasa, na Krapf akaihariri na kuichapisha mwaka 1877. Kuwataja watu hawa hakumpunguzii Krapf chochote. Bila wao, bidii yake isingepata cha kuandika.

Makaburi mengine yalifuata katika ukanda huo huo. Emma, mke wa Rebmann, alifariki mwaka 1866. Ribe, kwenye kituo cha Wamethodisti ambacho Krapf alisaidia kukianzisha mwaka 1862, alizikwa Rebecca Wakefield mwaka 1873, na Charles New miaka miwili baadaye. Ukiyapanga kwa tarehe, utaona kwamba la Nyali linayatangulia yote.

Leo, kando ya kaburi hilo, umesimama mnara wa kumbukumbu ya Krapf, na mgeni asiyejua habari hudhani kwamba yeye ndiye aliyelala hapo. Sivyo. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na ingawa alirudi pwani kwa muda mwaka 1862, alimalizia maisha yake Korntal, katika Württemberg, ambako alifariki Novemba 1881. Huko ndiko alikozikwa, mahali ambapo Rebmann alikuwa amemtangulia tangu 1876. Nyali walibaki mama na mtoto.