Maakuli ya Malava na Zama za Boma

Msafiri atokaye Kakamega kwa barabara iendayo Webuye, akashukia Malava saa ya adhuhuri na kuingia katika mojawapo ya hoteli ndogo za kando ya njia, aghalabu huandaliwa ugali mweupe, kuku wa kienyeji na mrenda, akaambiwa kwa fahari kwamba hayo ndiyo maakuli ya asili ya Wakabarasi. Kauli hiyo kwa mrenda ni sahihi, kwa kuku haina ubishi, lakini kwa ugali ule mweupe ina walakini.

Nafaka ya kale ya nchi hii ilikuwa wimbi, pamoja na mtama. Misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu ilipiga kambi magharibi ya hapa, kwa Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga, mahali ambapo, msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, palikuwa pakiitwa Kwa Sundu, nasi leo twapaita Mumias. Na wapagazi waliokwisha kuchoshwa na nyika walijipatia hapo unga wa kuendelea na safari. Ofisa C. W. Hobley naye, alipotumwa mwaka 1895 kuimarisha utawala wa Waingereza, alikaa papo hapo penye chakula, wala si ajabu, kwa kuwa dola nayo hula.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na kodi ya nyumba ikadaiwa, ilimlazimu mkulima kutafuta zao lenye soko, na mahindi meupe, yaliyohimizwa na serikali, yakatwaa mahali pa wimbi kidogo kidogo. Haikuwa shuruti tupu: hindi huvikwa maganda yake, ndege hawaliharibu kwa wepesi kama wimbi, na mtoto aliyekuwa akishinda shambani kuwafukuza aliweza kwenda skuli ya misheni. Kisha dhahabu ikavumbuliwa karibu na Kakamega mwaka 1931, nao mji huo ulikuwa umekwisha kurithi makao makuu ya wilaya kutoka Mumias tangu 1920. Vibarua wa machimbo wakalishwa posho ya unga wa mahindi, na vinu vya maji, ambavyo wenyeji walivijenga mitoni kwa mtaji wao wenyewe, vikausaga kwa wingi, hata kikainuka kizazi kilichodhani kwamba ugali ulikuwa mweupe tangu dahari. Chai ya maziwa na chapati zilikuja na maduka ya Wahindi. Hizo hakuna azidaiye uasili.

Ukale halisi umo katika chungu cha mboga. Maganda makavu ya maharage huchomwa, majivu yakatiwa katika chombo chenye vitundu chini, kisha maji yakamiminwa juu taratibu. Yachuruzikayo, yenye rangi ya chai ya mkandaa, ndiyo musherekha, na kwayo mrenda na kunde hulainika bila ya chumvi ya dukani kuhitajiwa sana. Fauka ya hayo, firigisi ya kuku, imondo, bado hutengewa mwenye nyumba, au mgeni wa heshima akiwapo, na wanawake wa leo hawaachi kuuliza kwa nini.

Ama wimbi, lililokuwa riziki ya kila siku, sasa lina bei kushinda mahindi, na ugali wake hupikiwa wazee wajapo kwa shughuli ya mahari. Anayeutaka hotelini Malava ni heri aagize mapema, la sivyo ataletewa ule mweupe.