Wakala wa Huduma za Ajira: Kutoka Zama za Manamba hadi Mtafuta Kazi wa Kakese

Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ulianzishwa mwaka 2008 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali. Kazi yake kubwa ni kumkutanisha anayetafuta kazi na mwenye kazi ya kutoa. Kwa wakulima wa mpunga na mahindi wa kata ya Kakese, Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, jina hilo halisikiki sana, lakini mahitaji yaliyouzaa wakala huu mkoa wao unayajua tangu zamani.

Enzi za ukoloni, utaratibu wa kutafutia watu kazi ulimjali mwajiri kwanza. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda Silabu, ofisi ya kuandikisha vibarua. Watu walichukuliwa kutoka mikoa ya mbali, Kigoma ikiwemo, wakapelekwa mashambani Tanga na kwingineko kwa mikataba. Ndio walioitwa manamba. Mpanda nayo ilikuzwa na ajira ya mgodi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi, na reli ikajengwa kutoka Kaliua ili madini yapate njia. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli ilibaki lakini kazi zikaisha.

Baada ya uhuru, serikali na mashirika ya umma yakawa ndio waajiri wakubwa, na mhitimu wa chuo alipangiwa kituo cha kazi. Asiyekuwa na kazi mjini alionekana mzururaji. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilifuatiwa na misako iliyowakamata watu Dar es Salaam na kuwapeleka vijijini na mashambani. Nia ilikuwa kila mtu afanye kazi, lakini kumbukumbu iliyobaki kwa wengi ni ya kukamatwa.

Miaka ya 1990 mashirika yalibinafsishwa na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Hapo ndipo fikra zilipobadilika. Sera ya Taifa ya Ajira ilitoka mwaka 1997, na mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Ajira. Mwaka 2001 kituo cha kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri kilianza Dar es Salaam, na kutoka humo TaESA ikazaliwa. Inaandikisha watafuta kazi, inawapa ushauri, inawafundisha kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili, na inawatafutia wahitimu nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini. Mwaka 2014 kanuni mpya ziliwabana mawakala binafsi waliokuwa wakiajiri watu kisha kuwakodisha kwa kampuni.

Taasisi nyingine zilijengwa pembeni yake. Sekretarieti ya Ajira inasimamia nafasi za utumishi wa umma, na maombi sasa yanapitia mtandaoni. Tangu mwaka 2018, mfanyakazi aliyechangia hifadhi ya jamii kwa miezi 18 au zaidi, kisha akaachishwa kazi, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Fao hilo ni jema, ila halimgusi kijana ambaye hajawahi kuajiriwa. Yeye hutegemea zaidi mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kijana wa Kakese anapoona tangazo la kazi, safari yake huanzia steshenari ya Mpanda mjini. Analipia kuskani vyeti, anajaza namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), anapakia barua yenye sahihi, kisha anaomba mtandao usikatike. Akitaka mkopo, yeye na wenzake wanahitaji katiba ya kikundi, usajili na andiko la mradi, na mtu wa kwanza kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kila hatua ina nauli yake na siku moja ya shamba iliyopotea.

Wanaobeba mzigo huo wanazidi kuongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi, na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Idadi imezidi mara mbili kwa miaka kumi.

Sifa kubwa ya TaESA ni kwamba imemweka mtafuta kazi mbele: haimsombi kama Silabu wala kumkamata kama misako ya 1983. Kilichobaki ni umbali. Serikali iwape maofisa wa kata mafunzo na vifaa vya kuandikisha watafuta kazi papo hapo, ili wa Kakese ahudumiwe sawa na wa Dar es Salaam. Nawe kijana, jiandikishe, na usimpe dalali hata shilingi kwa ahadi ya kazi.