Dijitali ilifika Meru na Embu, je, sauti zetu?

Jamani, sisi waandishi wa programu hupenda kudai kwamba dijitali huleta ushirikishwaji. Historia inanibishia. Runinga ya dijitali ilizinduliwa Kenya Desemba 2009, baadaye nchi ikahamia DVB-T2, na ving'amuzi vya mwanzo (pesa za watu hizo!) vikashindwa kuisoma. Mwaka 2015 analojia ikazimwa. Masafa yaliyobeba stesheni moja sasa hubeba nyingi, ila mawimbi huenda upande mmoja tu, kutoka mnarani hadi sebuleni.

Mazungumzo yalibaki kwenye FM, analojia ile ile. Kimeru kina Mwago FM ya KBC, ambako msikilizaji hujibu kwa simu. Kiembu hutangazwa na Wimwaro FM, mali ya kampuni binafsi, Royal Media. Kodi tunalipa sote, Waembu wakiwemo. Hapo ndipo ningetaka KBC ishindane.