Ufunguo na Hati: Historia ya Kununua Nyumba katika Kisiwa cha Kupro

Kisiwa cha Kupro, ambacho wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hukijua kwa jina la Kipro, kimelala katika pembe ya mashariki ya bahari ya Mediteranea. Eneo lake ni kilomita za mraba 9,251, nacho ni cha tatu kwa ukubwa katika bahari ile, baada ya Sicily na Sardinia. Jua lake na pwani zake zimewavuta watu wengi wa nchi za baridi kwenda kutafuta nyumba huko. Mnunuzi huonyeshwa vyumba, roshani na bahari. Hutoa fedha, hupewa ufunguo, naye hudhani kwamba mambo yamekwisha. Historia ya kisiwa hicho yaonyesha vingine. Katika Kupro ufunguo ni kitu kimoja na milki ni kitu kingine, na mara nyingi vitu hivyo viwili vimekuwa katika mikono mbalimbali.

Kisiwa chenyewe kiliwahi kuuzwa. Mwaka 1191 Mfalme Richard wa Uingereza, akiwa safarini kwenda katika Vita vya Msalaba, alikinyang'anya kwa mtawala wake, Isaac Komnenos. Kwa kuwa hakuwa na haja ya kukaa, alikiuza kwa wapiganaji wa shirika la Templars kwa bei ya bezanti 100,000. Walitoa arbuni ya 40,000, na zilizosalia walitumaini kuzipata kwa kodi za wenyeji. Wenyeji hawakuwa wameulizwa katika mapatano hayo. Mwaka 1192 watu wa Nicosia waliasi, na ijapokuwa uasi ulizimwa kwa damu, wanunuzi waliona kwamba mali yao haitunziki, wakairudisha. Ndipo kisiwa kilipopewa Guy de Lusignan, aliyekuwa amepoteza ufalme wa Jerusalem, na ukoo wake ulitawala mpaka mwaka 1489 kilipoingia katika mikono ya Venice. Hivyo tangu zamani hizo lilionekana jambo ambalo lingerudi mara kwa mara: muuzaji aweza kuuza, na mnunuzi aweza kulipa, ilhali mwenye kukaa juu ya ardhi hajakubali.

Dola ya Uthmaniya ilikiteka kisiwa katika miaka ya 1570 na 1571. Sheria ya ardhi iliyoacha alama kubwa zaidi ni ile ya mwaka 1858, iliyotungwa kwa ajili ya dola nzima. Ilizigawa ardhi mafungu matano, na baadhi ya majina yake si mageni kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa yametoka katika kisima kimoja cha Kiarabu. Fungu la kwanza ni mülk, ndiyo milki kamili, nayo ilikuwa zaidi nyumba na viwanja vyake. La pili ni miri, ardhi ya dola, ambayo mkulima alikuwa na haki ya kuitumia tu. Akiiacha miaka mitatu bila kuilima pasipo udhuru, haki yake ilipotea. La tatu ni wakfu. La nne ni ardhi iliyoachwa kwa manufaa ya wote, kama njia na malisho. La tano ni mevat, yaani ardhi iliyokufa, isiyo na mwenyewe wala mlimaji.

Juu ya mgawanyo huo palikuwa na desturi iliyowashangaza wageni. Ardhi iliweza kuwa ya mtu mmoja, mizeituni iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na maji ya kisima yakawa ya wa tatu. Urithi ulipopita katika vizazi kadhaa, mti mmoja uliweza kuwa na wenyewe wengi. Kwa watu wa kijiji hayo hayakuwa machafuko, kwani kila mmoja alijua lililo lake. Shida ilianza alipofika mtu wa nje aliyetaka kununua kila kitu kwa karatasi moja.

Mtu huyo wa nje alifika pamoja na Waingereza. Kwa mapatano ya mwaka 1878 Sultani aliwaachia Waingereza utawala wa kisiwa bila kuwapa enzi yenyewe, na kodi yapata pauni 92,800 kwa mwaka iliwekwa kwa jina la Sultani. Fedha hizo zilitoka katika mifuko ya wenyeji, lakini hazikufika Istanbul, kwa sababu zilizuiliwa kulipa deni la dola la mwaka 1855. Mwaka 1914 Uingereza ilikitwaa kisiwa moja kwa moja, na mwaka 1925 kikafanywa koloni.

Kazi mojawapo ya kwanza ya utawala mpya ilikuwa kupima nchi. Horatio Herbert Kitchener, ambaye baadaye alipata sifa ya vita, aliongoza upimaji huo, na ramani yake ilichapishwa mwaka 1885. Baadaye mashamba yalipimwa kipande kwa kipande, yakaandikishwa na kutiwa thamani. Hatimaye sheria mpya ya mali isiyohamishika, iliyoanza kazi mwaka 1946, iliyaondoa mafungu ya kale, ikaacha wakfu, na kuifanya hati ya daftari kuwa ushahidi mkuu wa milki. Hata hivyo, watu waliendelea kuiita hati hiyo kwa jina la Kituruki, koçan, nao Wagiriki wa kisiwa waliligeuza neno hilo kwa matamshi yao. Daftari lilikuwa moja kwa Mgiriki na Mturuki, nalo liliheshimiwa na wote wawili.

Katika wakati huo mwandishi Mwingereza Lawrence Durrell alikwenda Kupro, mwaka 1953, akanunua nyumba ya kale katika kijiji cha Bellapais, juu ya mji wa Kyrenia, karibu na magofu ya nyumba ya watawa ya karne ya 13. Kitabu chake kiitwacho Bitter Lemons, kilichotoka mwaka 1957, chasimulia ununuzi huo kwa uchangamfu. Dalali wake alikuwa Mturuki, na wauzaji walikuwa Wagiriki. Walipatana bei kwa kelele, kwa hila na kwa mzaha. Wasomaji wengi wa Ulaya walijifunza katika kurasa hizo kutamani nyumba ya jua. Lakini kitabu chenyewe ni cha huzuni. Uasi wa EOKA dhidi ya Waingereza ulianza tarehe 1 Aprili 1955, na Durrell, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya koloni katika idara ya habari, aliondoka mwaka 1956 akiwaacha majirani ambao hawakuweza tena kukaa naye kama zamani. Mlango ulikuwa wake kwa sheria, lakini kijiji hakikuwa chake tena.

Uhuru ulipatikana mwaka 1960, na katika kila watu 100 Waturuki walikuwa yapata 18. Katiba ya ushirika haikudumu. Mapigano ya Desemba 1963 yaliwafukuza Waturuki yapata 25,000 katika nyumba zao. Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi waliotumwa na watawala wa kijeshi wa Ugiriki walimpindua Rais Makarios. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yalitua karibu na Kyrenia. Mwezi Agosti ulipokwisha, zaidi ya theluthi ya kisiwa ilikuwa chini ya majeshi hayo. Wagiriki zaidi ya 160,000 walikuwa wamekimbilia kusini, wengi wao wakiwa na funguo za milango yao, wakidhani watarudi baada ya siku chache. Waturuki zaidi ya 40,000 walihamia kaskazini, wakiacha nao nyumba zao za Paphos, Limassol na Larnaca. Hapo ndipo daftari moja lilipokuwa mawili.

Utawala wa kaskazini, uliojitangaza kuwa nchi mwaka 1983 na kutambuliwa na Uturuki peke yake, uligawa nyumba zilizoachwa. Mturuki aliyepoteza mali kusini alipewa nyumba ya Mgiriki kuwa badala yake. Wengine, pamoja na walowezi kutoka Uturuki, walipewa kwa mgao tu. Wote walipata hati. Serikali ya kusini ilishikilia kwamba daftari la kabla ya mwaka 1974 ndilo pekee la halali, na mali za Waturuki zilizokuwa upande wake iliziweka chini ya uangalizi wake, kwa sheria ya mwaka 1991, mpaka suluhu ipatikane. Wakati huo huo taasisi ya Evkaf imedai kwamba Varosha, mtaa wa Famagusta uliozungushiwa ua mwaka 1974, ni ardhi ya wakfu tangu enzi za Uthmaniya. Wapinzani wake hujibu kwamba viwanja vile viliandikishwa kihalali kwa majina ya watu binafsi wakati wa Waingereza. Neno la kale liliamka kama kwamba halikulala.

Mahakama ziliingia katika shauri hilo. Titina Loizidou, mwenye viwanja Kyrenia, aliishtaki Uturuki mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 1996 mahakama iliamua kwamba yeye bado ni mwenye ardhi kwa sheria, na mwaka 1998 iliamuru alipwe fidia, ambayo Uturuki ililipa mwaka 2003. Shauri la pili liliwagusa wanunuzi wenyewe. Mtu na mkewe kutoka Uingereza walinunua kiwanja Lapithos mwaka 2002, wakajenga nyumba yenye bwawa la kuogelea. Mwenye ardhi wa zamani, Mgiriki aliyekimbia mwaka 1974, aliweza kuvuka mpaka ulipofunguliwa Aprili 2003, akayaona majengo kwa macho yake. Mahakama ya Nicosia iliamuru mwaka 2004 kwamba nyumba ibomolewe na fidia ilipwe. Amri hiyo haikuweza kutekelezwa kaskazini. Lakini Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 28 Aprili 2009 kwamba hapana budi itambuliwe katika nchi nyingine za Umoja, na Januari 2010 mahakama ya rufani ya Uingereza ilifuata uamuzi huo. Basi mali ya wanunuzi iliyokuwa kwao Uingereza ikawa katika hatari kwa sababu ya nyumba ya Lapithos.

Mtu angedhani kwamba hapo haki ilikuwa imepata njia moja tu. Sivyo. Mwaka 2010 huo huo, katika shauri la Demopoulos, Mahakama ya Haki za Binadamu ilisema kwamba miaka mingi imepita, na kwamba kurudisha kila nyumba bila kumtazama aliyemo ndani kwaweza kuzaa dhuluma mpya. Iliwaelekeza wadai kwanza kwenye tume iliyoundwa kaskazini mwaka 2005, yenye uwezo wa kurudisha mali, kubadilishana au kulipa fidia. Kusini, sheria ya mwaka 2006 ilifanya kuuza au kununua ardhi ya mtu bila idhini yake kuwa kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Kwa hiyo mwenye daftari la kale ana haki isiyo na mlango, na mwenye ufunguo ana mlango usio na haki kamili.

Wala si kaskazini tu. Kusini, ambako hakuna ubishi juu ya enzi, wajenzi wengi waliweka ardhi rehani kwa mabenki, kisha wakauza nyumba juu yake kabla ya hati za kila nyumba kutolewa. Msukosuko wa mabenki wa mwaka 2013 uliwafunulia wanunuzi hatari yao: walikuwa wamelipa bei yote, lakini nyumba zilikuwa dhamana ya deni la mtu mwingine. Mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuwasaidia wapate hati.

Kiswahili chasema, mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo inamwonya mtu asiyeandika. Watu wa Kupro waliandika, tena kwa uangalifu kuliko nchi nyingi. Msiba wao ni mali moja kuwa na madaftari mawili, na nyuma ya kila daftari wapo watu waliofukuzwa kweli. Anayekwenda huko kununua nyumba huuliza bei, maji na umbali wa pwani. Swali la kwanza lingepaswa kuwa ni nani aliyekuwa akifungua mlango ule mwezi Juni 1974, na yuko wapi yeye au watoto wake leo.