Karani wa Simu, Mkubwa wa Posta na Somo Linalochukiwa

Waulize wanafunzi wa uhandisi wa umeme ni somo gani linalowanyima usingizi, na wengi watakutajia nadharia ya uga sumakuumeme. Saketi mtu anaweza kuziunga mezani kwa mkono wake. Mota inazunguka na inaonekana. Somo hili ni la vekta, milinganyo inayojaza ubao, na mawimbi yanayosafiri mahali pasipo na waya wowote. Malalamiko yao siku hizi yamepata mtetezi wasiyemtarajia: hoja inayorudiwa katika vikao vya mitaala, kwamba vyuo vyetu vimezidisha nadharia na kwamba mhandisi hupimwa kazini, si ubaoni. Mimi si mhandisi. Lakini historia ya somo hili inaigusa hoja hiyo moja kwa moja, kwa sababu lilipevuka katika ugomvi wa aina hiyohiyo, na ugomvi wenyewe ulikuwa ndani ya ofisi ya umma.

Tuanze na hasara. Mwaka 1858 kebo ya kwanza ya simu chini ya bahari ya Atlantiki iliunganisha Ireland na Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, maneno 98, zilichukua takribani saa 16 kupita. William Thomson, mwanafizikia wa Glasgow, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu kwa nini kebo ndefu huzivuruga na kuzichelewesha ishara. Hata hivyo, fundi mkuu wa umeme wa kampuni alikuwa Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji aliyejifunza umeme kwa majaribio yake mwenyewe na asiyeithamini hesabu ya Thomson. Ishara zilipofifia, akazisukuma kwa takribani volti 2,000. Kebo, ambayo tayari ilikuwa na kasoro, haikuhimili, na baada ya wiki chache ikanyamaza.

Hesabu ya Thomson haikuwa bado nadharia ya uga. Wazo la uga lilitoka kwa Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu na ambaye hakuijua hisabati ya juu. James Clerk Maxwell ndiye aliyeligeuza wazo hilo kuwa hesabu. Katika makala yake ya mwaka 1865 iliyokuwa na milinganyo 20 alionyesha kwamba mawimbi ya umeme na sumaku yangesafiri kwa kasi iliyokaribiana mno na kasi ya nuru, na akahitimisha kwamba nuru yenyewe ni mawimbi ya aina hiyo. Mafundi wa simu hawakuona hilo linawahusu nini.

Maxwell alifariki mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 48. Mwaka huohuo kebo kutoka Aden ilifika Zanzibar, ikaendelea hadi Msumbiji na Durban. Iliharakishwa na vita: habari za Waingereza kushindwa na Wazulu kule Isandlwana zilikuwa zimechukua takribani wiki tatu kufika London. (Neno letu “simu” linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, kwa wazee wetu kupiga simu kulikuwa ni kupeleka maneno machache kupitia Posta, kila neno kwa bei yake.) Pwani yetu, kwa hiyo, iliingia katika teknolojia hii ikiwa kituo cha himaya, na si mahali pa kuuliza inafanyaje kazi.

Aliyeuliza alikuwa karani wa simu. Oliver Heaviside, mzaliwa wa London, hakusoma chuo kikuu. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi katika kampuni ya simu huko Denmark na Newcastle, kisha mwaka 1874 akaacha ajira na kujifungia nyumbani kwa wazazi wake na kitabu kikubwa cha Maxwell. Ni yeye, katikati ya miaka ya 1880, aliyeipunguza milinganyo ile hadi minne katika lugha ya vekta. Mwanafunzi anayeilaani “milinganyo ya Maxwell” usiku wa kuamkia mtihani analaani mwandiko wa Heaviside, na angejua ilivyokuwa kabla yake angemshukuru.

Kutokana na milinganyo hiyo Heaviside alipata jambo la manufaa makubwa. Simu ya sauti ilipotumia waya mrefu, maneno yalikorogeka. Mafundi waliamini kwamba indaktansi, yaani tabia ya waya kuukinza mkondo usibadilike ghafla, ni adui. Heaviside alionyesha kinyume: ukiiongeza kwa kipimo sahihi, sauti itafika bila kuharibika. Mwaka 1887 yeye na kaka yake Arthur, mhandisi wa Posta ya Uingereza, waliandaa makala juu ya hilo. Kwa kuwa Arthur alikuwa mtumishi wa umma, ilibidi ipite kwa mkubwa wake, William Preece, mtaalamu mkuu wa umeme wa Posta, ambaye hadharani alikuwa akifundisha kwamba indaktansi ina madhara. Preece aliizuia. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wanasayansi mjini Bath, alisimama kuwatetea watu wa vitendo dhidi ya watu wa hisabati, na ukumbi ulifurahi kumsikiliza.

Hapa ndipo ninapowaomba watumishi wa umma wasome taratibu. Preece hakuwa mjinga. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na uzoefu huo ulikuwa wa kweli. Alichokosa ni uwezo wa kuikagua hesabu iliyowekwa mezani kwake, ilhali alikuwa na madaraka ya kuizuia. Teknolojia ikaenda kwingine. Mwaka 1900 hataza ya Michael Pupin, profesa wa New York, ilinunuliwa na kampuni ya AT&T, na koili zilizofungwa kwenye nyaya kila baada ya umbali fulani zikaisafirisha sauti mbali kuliko ilivyowezekana kabla. Heaviside alikufa maskini mwaka 1925.

Hata Marekani ilichelewa kulifanya somo hili kuwa la lazima. Idara zilifundisha mota, jenereta na njia za umeme. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, utafiti wa rada uliongozwa zaidi na wanafizikia, kwa sababu wahandisi wengi hawakufunzwa mawimbi. Frederick Terman wa Stanford, aliyeongoza maabara moja ya vita hiyo, aliliona pengo hilo na baada ya vita akapigania mitaala ibadilike. Kitabu cha Ramo na Whinnery kuhusu uga na mawimbi, kilichotoka mwaka 1944, kikawa miongoni mwa vilivyofungua njia.

Kitivo cha Uhandisi Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, miaka 94 baada ya kebo ya Zanzibar. Leo kebo zinazotua pwani yetu hubeba nuru ndani ya kioo, na minara ya simu imesimama katikati ya makazi ya watu. Ofisa wa Serikali anayeletewa taarifa ya muuzaji kuhusu nguvu ya mawimbi kuuzunguka mnara ama ataweza kurudia hesabu zake, ama atatia saini kwa imani. Nasikia ikipendekezwa saa za somo hili zipunguzwe ili kupata nafasi ya mafunzo viwandani. Mafunzo viwandani nayaunga mkono. Saa zake zitafutwe kwingine.