Vespa: skuta iliyotoka katika kiwanda kilichovunjwa na mabomu



Bajaji ikipita mbele yenu, imejaa watu, na juu yake gunia la makala ao godoro, mujue kwamba chombo kile kina babu. Wengi wanafikiri babu huyo alizaliwa India. Hapana. Alizaliwa Italia, katika muji wa Pontedera karibu na Pisa, ndani ya kiwanda ambacho mabomu yalikuwa yamekivunja. Jina lake ni Vespa, maana yake nyigu. Leo watu wa nchi nyingi wanatafuta Vespa za zamani, wanazitengeneza piese kwa piese, na wanazipanda tena barabarani. Zile za mwaka wa kwanza zinauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mutu aliyekimbia nyumba yake anaweza kuuliza: skuta ya zamani ya Waitalia inanihusu nini? Tufuate historia yake, kisha kila mutu ajijibu.

Kiwanda kilichokimbia

Kampuni ya Piaggio ilianzishwa na Rinaldo Piaggio mwaka wa 1884 huko Genova. Ilianza na vifaa vya ndani ya meli, ikafuata mabehewa ya treni, kisha ndege. Kiwanda cha Pontedera kilitengeneza motere na ndege za vita, na kati ya ndege za kampuni ilikuwa P.108, ndege kubwa ya motere 4 iliyobeba mabomu. Tuseme ukweli: kiwanda hiki hakikukaa pembeni kuangalia vita. Kilikula mukate wa vita. Na vita ilipogeuka, ikakila.

Mwezi wa Agosti 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani zilipiga Pontedera. Mwaka wa 1944 mabomu yakaanguka tena, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliharibu mengine yaliyobaki. Kampuni ilihamisha sehemu ya kazi na watu wake mupaka Biella, kaskazini ya nchi. Hata kiwanda kinaweza kuwa mukimbizi.

Vita ilipokwisha, Italia iliyoshindwa haikuruhusiwa tena kutengeneza ndege za vita. Enrico Piaggio, mutoto wa Rinaldo, alibaki na kuta zilizoanguka, wafanyakazi wasio na kazi, na ujuzi ambao hakuna mutu alikuwa akiuhitaji. Lakini watu wote walihitaji kitu kimoja: kutembea. Treni hazikufanya kazi vizuri, barabara zilikuwa mbovu, gari ilikuwa kitu cha matajiri.

Wakiwa bado Biella, wahandisi wa kampuni walijaribu skuta ya kwanza, MP5. Watu waliiita Paperino, jina ambalo Waitalia wanamuitia yule bata wa filamu za Walt Disney. Enrico hakuipenda. Katikati ilikuwa na kinundu, na mutu alilazimika kurusha muguu juu kama anapanda punda. Akamuita muhandisi mwingine, Corradino D'Ascanio.

Mutu asiyependa moto

D'Ascanio alizaliwa mwaka wa 1891 kule Popoli. Alikuwa mutu wa ndege na helikopta. Helikopta yake iliweka rekodi mwaka wa 1930. Pikipiki hakuzipenda kabisa. Aliona ni chombo kichafu, kisicho na raha, mupira ukitoboka ni mateso, na chene inatia nguo mafuta. Pengine ndiyo sababu alifanya vizuri: hakuiga kitu alichokichukia.

Aliondoa kila kosa moja kwa moja. Motere aliiweka pembeni ya gurudumu la nyuma, ikalizungusha bila chene. Vitesi alivipandisha kwenye mukono wa kushoto. Gurudumu la mbele alilishikilia kwa mukono mumoja tu wa chuma, upande mumoja, kama miguu ya ndege, ili mutu alitoe upesi mupira ukitoboka. Mbele aliweka ngao ya tole ya kuzuia matope, na katikati akaacha nafasi wazi, hata mwanamuke mwenye nguo ndefu apande bila haya.

Jambo kubwa zaidi halionekani upesi. Moto zetu za leo zina kadre ya mabomba. Ukitoa plastiki zote, bado inatembea. Vespa haina kadre ya namna hiyo. Tole lenyewe lililokunjwa ndilo kadre, kama mwili wa ndege. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo linalowapa mafundi wa leo kazi kubwa.

Tarehe 23 Aprili 1946 kampuni iliandikisha uvumbuzi wake huko Florence. Skuta ilikuwa na motere ya sentimita za ujazo 98, vitesi 3, na ilifika karibu kilomita 60 kwa saa. Inasemekana Enrico, alipoona kiuno chembamba na kusikia mulio wake, alisema inafanana na nyigu, na jina likabaki. Bei ya chini ilikuwa lire 55,000, mushahara wa miezi kadhaa wa mufanyakazi. Mwaka ule ziliuzwa karibu 2,500 tu. Mwaka uliofuata zilipita 10,000. Watu waliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Mwaka wa 1956 ikatoka Vespa ya milioni moja.

Si Pontedera peke yake. Huko Milano, katika mutaa wa Lambrate, kiwanda cha mabomba cha Ferdinando Innocenti nacho kilikuwa kimepigwa mabomu. Mwaka wa 1947 kikatoa Lambretta, skuta yenye kadre ya mabomba. Kila mutu alijenga kwa kile alichobaki nacho: fundi wa ndege akakunja tole, fundi wa mabomba akaunga mabomba. Sisi tunaojua chukudu, iliyochongwa kwa mbao ngumu na kuvalishwa kipande cha mupira wa gari, hatuhitaji mutu wa kutueleza jambo hilo.

Njia iliyofika kwetu, na njia iliyorudi vitani

Mwaka wa 1948 D'Ascanio alitoa ndugu ya Vespa mwenye magurudumu 3 na sehemu ya kubebea mizigo. Aliitwa Ape, maana yake nyuki, kwa sababu nyuki ni mufanyakazi. India, jamaa ya Bajaj ilikuwa inaagiza Vespa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaanza kuzitengeneza kwa ruhusa ya Piaggio, pamoja na ile ya magurudumu 3. Ruhusa ilipokwisha mwaka wa 1971, Bajaj iliendelea kwa jina lake. Magurudumu 3 yakavuka bahari mupaka Afrika ya Mashariki, na Kiswahili kikageuza jina la jamaa ile kuwa jina la chombo: bajaji.

Njia ingine ilirudi kule ilikotoka. Kuanzia mwaka wa 1956 kiwanda kilichotengeneza Vespa huko Ufaransa kilitoa mia kadhaa kwa ajili ya askari wa miavuli. Kila moja ilibeba muzinga wa milimita 75 uliopitishwa chini ya kiti. Chombo kilichozaliwa ili watu waache vita kikabebeshwa bunduki kubwa. Leo ni kati ya Vespa zinazotafutwa sana na wakusanyaji. Wengine wanaiona kama kichekesho. Sisi tunaojua muzinga unafanya nini hatucheki sana.

Miaka ya 1960 magari madogo yalishuka bei Ulaya, na skuta nyingi zikatupwa nyuma ya nyumba na ndani ya vibanda vya kuku. Lambretta ilikwisha kutengenezwa Italia mwaka wa 1971, na mashine zake zikauzwa India, muji wa Lucknow. Vespa yenyewe haikufa. Lakini zile za kwanza zilikuwa zimekuwa vyuma vya kuuzwa kwa kilo.

Namna ya kufufua skuta

Wakusanyaji waliokuja kuziokota walijifunza mambo ambayo kila fundi wa garaje yetu atayaelewa.

La kwanza ni namba. Kila skuta ina namba iliyogongwa kwenye mwili na ingine kwenye motere. Piaggio bado inachunga kumbukumbu zake, na kwa namba ile inaweza kusema skuta ilitengenezwa lini. Rangi inaweza kuoza, kiti kinaweza kupotea, lakini namba ikisomeka, skuta ina kwao. Namba ikisagwa, hata ipakwe rangi ya zahabu, wanaojua wataiogopa.

La pili ni tole. Maji na matope hukaa chini ya sakafu ya kuwekea miguu, na kutu inakula pole pole. Kwa kuwa tole ndilo kadre, sakafu ikioza skuta yote imevunjika mugongo. Fundi mwaminifu anakata sehemu iliyooza, anaunga tole jipya, na anapima kama gurudumu la mbele na la nyuma ziko bado katika mustari mumoja. Fundi mudanganyifu anajaza mashimo kwa mastiki na kupaka rangi yenye kungaa. Kuna skuta nyingi za namna hiyo zilizouzwa kutoka Vietnam, zingine zimeungwa kwa vipande vya skuta mbili ao tatu. Zinapendeza katika picha, lakini barabarani zinaweza kukatika. Ndiyo maana munuzi mwenye akili anatembea na sumaku ndogo mufukoni. Sumaku inashika chuma. Juu ya mastiki inaanguka.

La tatu ni motere. Motere hizi zinakunywa esanse iliyochanganywa na mafuta ya motere: katika Vespa za kwanza, sehemu 5 za mafuta katika 100, katika zile za baadaye, 2. Mutu akisahau mafuta, pistoni inashika. Na skuta iliyolala miaka 40 ina hatari ingine: mipira midogo inayofunga motere inakauka, hewa inaingia kwa pembeni, esanse inapungua, joto linapanda, na motere inaungua siku mwenyewe anaposherehekea. Kwa hiyo anayejua hawashi kwanza. Anafungua kwanza.

La nne ndilo linalogombanisha wakusanyaji. Ukipata skuta yenye rangi yake ya kwanza, imekwaruzwa, imepauka, ufanye nini? Zamani wengi walisugua yote na kupaka upya mupaka inangaa kuliko siku iliyotoka kiwandani. Siku hizi wengi wanasema: iache. Safisha, zuia kutu, tengeneza breki na motere, lakini usifute alama. Ule mukwaruzo kwenye ngao pengine ni siku baba wa jamaa fulani alianguka akienda kazini. Rangi mupya inaweza kupakwa mara 10. Ya kwanza ilipakwa mara moja tu.

Mimi ninakubaliana na hawa wa pili. Skuta ilikuwa chombo cha watu wa kawaida, na hakuna mutu aliyeandika maisha yao. Kilichobaki ni kile kibao kilichosagika pale muguu ulipokanyaga breki kila asubuhi.

Lakini kuhifadhi si kufungia. Wenye Vespa walianza kukutana mapema: chama chao cha Italia kilianzishwa Viareggio mwaka wa 1949, na mupaka leo wanasafiri pamoja, wazee na vijana, na mwenye kuharibikiwa njiani anangojewa. Mwandishi Giorgio Bettinelli aliondoka Roma mwaka wa 1992 juu ya Vespa na akafika Saigon mwaka wa 1993, karibu kilomita 24,000. Chombo kisichotembea kinakauka, kama ile mipira ya motere.

Kilichobaki Pontedera

Tangu mwaka wa 2000 kuna nyumba ya makumbusho huko Pontedera, ndani ya jengo la zamani la kiwanda kile kile. Paperino, ile skuta aliyoikataa Enrico, imo. Hawakuficha jaribio lililoshindwa. Waliliweka watu waone.

Hatusemi kwamba kila kilichobomolewa kitainuka. Italia ilipata musaada mukubwa wa nje, na vita vyake vilikwisha kweli. Vita vikiendelea, hakuna fundi anayejenga. Lakini wasikilizaji, kuna jambo dogo tunaloweza kushika. Mulipokimbia, wengine walibeba karte roze ya moto na kuiacha moto yenyewe, na leo wanajiuliza karatasi ile ni ya kazi gani. Muichunge. Muandike namba ya kadre mahali pengine pia. Siku moja namba inaweza kuwa mushuhuda pekee kwamba kitu kilikuwa chenu.

Na kama katika jamaa yenu kuna muzee ao mama anayekumbuka Vespa, Lambretta ao chombo kingine cha zamani, nani alikipanda, kilibeba nini, kilipotelea wapi, mutuletee habari ile. Tutaisoma hewani.