Kwenye Kivuli cha Fundi Baiskeli

Msafiri atokaye Morogoro, akiiacha barabara kuu pale Mikumi, akapita Kidatu penye mashamba ya miwa, kisha akaambaa chini ya milima ya Udzungwa hadi Mang'ula, huanza kukutana nazo kabla hajaufikia mji wa Ifakara. Huyu amefunga gunia la mpunga kwenye keria, yule amempakia mama mwenye mtoto mgongoni, na mwingine ametundika kambale kwenye usukani. Wengi wameandika juu ya bonde la Kilombero kwa ajili ya mto wake, sheshe wake, mchele wake au malaria yake. Mimi naona kwamba habari za bonde hilo zaweza pia kusimuliwa kwa baiskeli, na hasa kwa mazungumzo ya wenye baiskeli.

Zamani mzigo bondeni ulikwenda kwa mtumbwi au kwa kichwa. Wandamba walikuwa mabingwa wa mtumbwi. Asiyekuwa na mto karibu alijitwika. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, majeshi ya pande zote mbili yaliwachukua watu wa nchi hii kuwa wapagazi, na wengi mno hawakurudi makwao. Wazee niliowakuta Ifakara walikuwa bado wanayo masimulizi hayo. Sioni ajabu kwamba watu ambao baba zao waliumizwa shingo na mizigo ya wengine waliipenda mno mashine iliyoushusha mzigo kutoka kichwani. Nchi nayo ilisaidia, kwa kuwa ni tambarare, isipokuwa masika mto unapofurika na njia kugeuka matope.

Baiskeli za mwanzo zilikuwa za mapadre, makarani na walimu. Baadaye mkulima aliyeuza mpunga vizuri akajinunulia Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, akaifunika kwa shuka usiku kama mtoto mchanga. Kisha ikaja reli ya TAZARA. Ujenzi ulianza mwaka 1970, reli ikakabidhiwa mwaka 1976, na stesheni zikajipanga bondeni hadi Mlimba. Treni haiendi shambani kwa mtu. Baiskeli ndiyo iliyoufikisha mpunga na ndizi stesheni. Miaka hiyo tulizoea pia Phoenix za Shanghai, na Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini.

Nilifika Ifakara kufundisha mwaka 1977. Jioni, nikiisha kusahihisha madaftari, nilikwenda kwenye mwembe mmoja si mbali na soko, ambako fundi alikuwa na benchi, beseni la maji la kutafutia pancha, na debe la gololi na spoku kuukuu. Hatukuwa chama. Hatukuwa na mwenyekiti, katibu wala ada, jambo la nadra siku hizo ambapo hata kikundi cha ngoma kilikuwa na mhuri. Tulikuwa watu tuliopenda baiskeli na kuzizungumza.

Ubishi mkubwa ulikuwa kati ya Raleigh na Phoenix. Watu wa Raleigh walidai kwamba chuma chake hakipindi. Watu wa Phoenix walijibu kwamba Raleigh ni ya bwana karani wa kwenda ofisini, ilhali mkulima anataka baiskeli ya kubebea magunia mawili. Mwenye Swala alitaniwa na pande zote. Tulishindana pia kwa mapambo: maua ya plastiki, vioo viwili vya pembeni, kitambaa cha kufuma juu ya kiti, na maandishi kwenye madigadi la nyuma, yaliyosema kama khanga inavyosema, yaani kumsema jirani bila kumtaja. Lakini habari za maana nazo zilipita pale pale. Mto umefika wapi? Njia ya kwenda Lupiro inapitika? Kivuko kimepona? Bei ya mpunga Mlimba ikoje, na nani amefiwa? Redio haikutuambia hayo.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mambo yakawa magumu. Tairi na tyubu ziliadimika, na zilipofika ziligawiwa kwa kibali. Mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, mwenzetu mmoja alizificha tairi zake mbili mpya darini kwa miezi kadhaa, akaendelea kutembea kwa miguu, asije akaulizwa amezipata wapi. Wengine tulijaza nyasi na kamba ndani ya tairi badala ya upepo. Nilikuwa na tyubu yenye viraka 18, nilivihesabu mwenyewe. Fundi alikata viraka kutoka tyubu ya lori, na solusheni ilipokwisha alitafuta mbinu nyingine ambayo hakutaka kuitaja. Wakati huo ndipo ulipoanza mtindo wa kuunganisha: fremu ya huyu, gurudumu la mbele la yule, mnyororo wa mwingine. Baiskeli tatu zikawa moja, na wenyewe watatu wakapeana siku. Sikumbuki wakigombana, ingawa siku ya Jumapili ilileta maneno kidogo.

Jambo lililotugawa kweli lilikuwa wanawake. Wapo waliosema kwamba baiskeli humharibu msichana. Wengine walitaja heshima. Mimi nilikaa kimya, nikijiona mtu wa kati. Mwaka 1981 nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, tuligawiwa baiskeli mbili za walimu. Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuwa akitembea kilometa 7 kila asubuhi, aliniomba moja. Nikazitoa zote kwa wanaume, mmoja wao akikaa hatua chache kutoka shuleni. Nilijiambia kwamba hao ndio watakaoweza kuzitumia.

Habari ilifika mwembeni kabla yangu. Fundi hakuinua uso kutoka kwenye beseni. "Mwalimu," alisema, "nasikia umegawa baiskeli kwa suruali." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikujibu.

Baada ya miezi kama minane nilimwona yule mwalimu barabarani juu ya baiskeli. Fremu ilikuwa ya kike, imepakwa rangi ya mlango, na magurudumu hayakufanana. Fundi alikuwa amemwundia kutoka kwenye debe lake, na alikuwa akilipa kidogo kidogo kwa mchele. Kuendesha alijifunza jioni kwenye uwanja wa mpira. "Shikamoo, mwalimu mkuu," alisema akipita, wala hakupunguza mwendo. Nikaitika marahaba. Sikumwomba radhi siku ile wala baadaye, na aliishahama Ifakara nilipopata ujasiri. Miaka mingi nilipokuwa chuo cha ualimu niliwasimulia wanachuo kisa hiki, lakini nilikisimulia kana kwamba kilimtokea mwalimu mwingine.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa, spea zikarudi, na baadaye baiskeli za Kihindi zikajaa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 zikaja pikipiki za bodaboda, na vijana wakahamia huko. Mtoni tuliendelea kupanga foleni ya kivuko, baiskeli zikiegemeana, na foleni hiyo ilikuwa baraza jingine. Januari 2016 dhoruba ilikizamisha kivuko. Daraja la meta 384 lilizinduliwa mwaka 2018, na sasa mtu huvuka bila kumsubiri yeyote wala kuzungumza na yeyote. Sililaumu daraja. Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa usiku hadi ukingoni akakuta kivuko kimelala ng'ambo hawezi kulilaumu.

Nilipokwenda mara ya mwisho, mwembe ulikuwa umekatwa tawi moja. Fundi alikwisha fariki, na mjukuu wake alikuwa akiziba tairi za pikipiki. Baiskeli zilikuwapo pia, nne au tano, na mbili kati yake zilikuwa za akina mama waliotoka sokoni, wakibishana na kijana juu ya bei ya tyubu.

"Shikamoo babu," kijana aliniambia. "Baiskeli yako iko wapi?"

Nilimjibu kwamba niliiuza mwaka 2009 kwa sababu ya magoti. Akanisogezea benchi, akaniuliza ilikuwa Raleigh au Phoenix.